Uvimbe Haulali

Hospitalini kuna maneno yanayotuliza kuliko yanavyostahili, na mojawapo ni "daraja la chini". Mtu ameanguka kifafa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 35, amepigwa picha ya kichwa, kipande cha nyama kimepelekwa maabara, na majibu yamerudi: ni uvimbe wa ubongo, lakini ni wa daraja la pili kati ya manne, unakua polepole, kwa sasa utaangaliwa tu. Anarudi nyumbani akiwa na taswira ya nyoka aliyejikunja shimoni, ambaye huenda siku moja akatoka na huenda asitoke kabisa. Hata vitabu vya madaktari vilizungumza hivyo kwa miaka mingi. Hoja ya sura hii ni kwamba nyoka huyo aliyelala hayupo. Uvimbe wa namna hii hauna kipindi cha usingizi. Tangu unapoanza unakua, unatambaa na kubadilika, na kinacholala ni dalili zake tu. Huu si ubishi wa maneno. Ikiwa uvimbe umelala, kusubiri hakuna gharama. Ikiwa haulali, kusubiri nako ni tiba ya aina yake, yenye faida na hasara, na haina budi kupimwa kwa mizani ileile tunayopimia kisu, mionzi na dawa.

Tuanze na mwili wenyewe wa uvimbe. Ubongo si seli za neva tupu. Pamoja nazo zipo seli za utumishi: zinazozilisha neva, zinazozifunika kwa ala ya mafuta ili ujumbe upite haraka, zinazofagia uchafu. Hizo huitwa glia, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha gundi, kwa kuwa wanasayansi wa karne ya 19 walidhani kazi yake ni kuishikanisha nyama ya ubongo basi. Uvimbe unaotokana na jamii hii huitwa glioma, na glioma za watu wazima ninazozijadili hapa, astrositoma na oligodendroglioma, hazina ukuta. Huwezi kuonyesha kwa kidole mahali uvimbe unapoishia na ubongo wenye afya unapoanzia. Seli zake hutambaa mojamoja kando ya nyuzi za neva na mishipa ya damu, zikitangulia mbele ya doa linaloonekana kwenye picha. Walter Dandy, daktari wa upasuaji wa Baltimore, Marekani, alilijaribu jambo hili kwa ujasiri unaotisha hata kuusoma. Mwaka 1928 alitoa taarifa ya wagonjwa aliowaondolea nusu nzima ya kulia ya ubongo mkubwa, watu ambao glioma ilikuwa imeshawapooza upande wa kushoto wa mwili. Kama uvimbe ungekuwa kitu chenye mpaka, upasuaji wa kiasi hicho ungeumaliza. Ulirudi, kwa sababu baadhi ya seli zilikuwa zimeshavuka mahali kisu kilipopita.

Mtu anaweza kukubali yote hayo na bado akasema kwamba kutambaa huko huja kwa misimu: miaka ya kimya, kisha mwaka wa shari. Dai hilo lilijibiwa kwa rula. Mwaka 2003 Emmanuel Mandonnet na wenzake nchini Ufaransa walichapisha vipimo vya wagonjwa 27 wenye glioma ya daraja la pili ambao walikuwa bado hawajatibiwa, kila mmoja akiwa na picha kadhaa za MRI zilizopigwa kwa nyakati tofauti. Walikokotoa kipenyo cha uvimbe katika kila picha na kukichora dhidi ya muda. Mistari ilipanda, na ilipanda karibu sawasawa, kwa wastani wa milimita 4 hivi kwa mwaka. Milimita 4 ni upana wa punje ya mtama, na hapa ndipo jicho linapodanganyika. Daktari anayelinganisha picha ya leo na ile ya miezi sita iliyopita anatafuta tofauti ya milimita 2, ambayo inaweza kupotea ndani ya kosa la kawaida la kupima, naye kwa uaminifu kabisa anaandika kwamba hakuna mabadiliko. Miezi sita baadaye anaandika hivyo tena. Taarifa kumi zinaweza kusema "hakuna mabadiliko" huku picha ya mwisho na ya mwanzo zikitofautiana kwa sentimita mbili. Kinachohitajika ni kuiweka picha ya leo kando ya ile ya mwanzo kabisa.

Hesabu ya ujazo ni kali zaidi. Tuchukulie uvimbe una umbo la mpira. Wenye kipenyo cha sentimita 2 una ujazo wa takribani mililita 4, haujazi kijiko cha chai. Kwa mwendo wa milimita 4 kwa mwaka, baada ya miaka mitano kipenyo ni sentimita 4 na ujazo umefika mililita 33, vijiko viwili vya mezani na ziada. Miaka mitano mingine, kwa mwendo uleule usioongezeka hata kidogo, kipenyo ni sentimita 6 na ujazo ni mililita 113, karibu nusu kikombe cha chai. Uvimbe haukuchangamka wala haukukasirika. Ulitembea hatua zilezile, lakini muongo ulioanza na kijiko umeishia na nusu kikombe, na sehemu kubwa ya ongezeko imeangukia mwishoni, wakati familia inaapa kwamba ugonjwa "umeanza ghafla".

Mbona basi mwenyewe hahisi kitu? Sababu ya kwanza ni ya kimakanika. Fuvu la mtu mzima ni kasha lisilotanuka, na ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Waskoti wawili, Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824, ndio walioweka msingi wa kanuni kwamba kimoja kikiongezeka, vingine sharti vipungue. Uvimbe unapojipenyeza, maji husukumwa nje ya fuvu kwanza, kisha damu ya vena, na kwa muda mrefu mgandamizo wa ndani hubaki karibu na kawaida. Nafasi ya kujibana ikiisha, ongezeko dogo tu linapandisha mgandamizo kwa kasi: kichwa kinachouma alfajiri, kutapika, macho kuona ukungu, usingizi usio wa kawaida. Sababu ya pili ni werevu wa ubongo wenyewe. Hugues Duffau wa Montpellier, ambaye amefanya upasuaji mwingi wagonjwa wakiwa macho na wakiongea, ameonyesha kwamba uvimbe unaokua polepole unaupa ubongo muda wa kuhamisha kazi, hata za lugha, kwenda maeneo jirani au upande wa pili. Kiharusi kikiharibu eneo hilohilo kwa dakika chache, mtu anaweza kubaki bubu. Uvimbe ukilivamia kwa miaka kumi, anaendelea kufundisha darasani. Kimya cha mgonjwa kinatuambia jinsi ubongo unavyojitahidi. Kuhusu uvimbe hakituambii mengi.

Dalili ambayo mara nyingi hupenya kimya hicho ni kifafa, na nayo ina kisa. Mwaka 2019 timu mbili, moja ya Michelle Monje katika Chuo Kikuu cha Stanford na nyingine ya Frank Winkler huko Heidelberg, zilionyesha kwamba seli za neva huunda viungio vya mawasiliano, yaani sinapsi, na seli za glioma zenyewe, na kwamba ishara za umeme zinazopita hapo huchochea ukuaji. Majaribio mengi yalifanywa kwa panya waliopandikizwa seli za uvimbe za binadamu, kwa hiyo tusiyavute kupita urefu wake. Yanatosha kuonyesha kwamba hata mtu anapokuwa mzima machoni pa watu, uvimbe na ubongo wake wanazungumza. (Nionye hapa kwamba kifafa kinachoanzia utu uzimani si lazima kiwe uvimbe. Katika maeneo ya Afrika Mashariki yanayofuga nguruwe, viluwiluwi vya minyoo tegu vilivyojificha kwenye ubongo ni chanzo kinachojulikana sana, na tiba yake ni nyingine kabisa.)

Hadi hapa tumezungumzia ukubwa, na ukubwa ni nusu tu ya habari, kwa kuwa uvimbe hubadilika tabia pia. Mwaka 1940 Hans Joachim Scherer, mtaalamu Mjerumani wa patholojia aliyefanya kazi Antwerp, Ubelgiji, aliigawa glioblastoma, ile glioma kali kuliko zote, katika makundi mawili: inayojitokeza bila mtangulizi, na inayozaliwa ndani ya astrositoma ya zamani. Alikuwa na hadubini na macho makini, basi. Ilichukua karibu miaka 70 hadi jeni zimuunge mkono. Mwaka 2008 watafiti wa Johns Hopkins walipozisoma jeni za glioblastoma waliona kwamba asilimia 12 zilikuwa na kasoro katika jeni iitwayo IDH1, na wengi wa wenye kasoro hiyo walikuwa vijana, au watu waliowahi kuwa na uvimbe wa daraja la chini. Leo tunajua kwamba kasoro hii ni ya awali kabisa. Kimeng'enya kilichoharibika hutengeneza kwa wingi kemikali ambayo seli yenye afya huwa nayo kwa chembe tu, na kemikali hiyo inafunga njia ya kukomaa. Seli inabaki kama kijana asiyepita jandoni: haichukui kazi ya utu uzima, inaendelea kugawanyika. Baadaye huongezeka kasoro za jeni za TP53 na ATRX katika astrositoma, au kupotea kwa vipande vya kromosomu ya 1 na ya 19 katika oligodendroglioma. Astrositoma ikipoteza nakala zote mbili za CDKN2A, ambayo ni breki ya mgawanyiko wa seli, mambo yamechacha. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaiweka moja kwa moja daraja la nne, hata kama chini ya hadubini inaonekana mpole.

Uamuzi huo wa 2021 ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Unakiri kwamba daraja lililoandikwa kwenye cheti cha maabara ni ushahidi wa kipande kimoja kwa siku moja. Na kipande kinaweza kuwa shahidi mbovu. Mwaka 2014 watafiti wa Boston walizisoma mojamoja seli 430 kutoka glioblastoma tano, na ndani ya kila uvimbe wakakuta mchanganyiko wa aina ambazo vitabu vilikuwa vimezigawa kama magonjwa tofauti. Sindano ikichukua nyama kwenye kona tulivu, cheti kitasema utulivu.

Je, ile glioblastoma isiyo na mtangulizi, inayomwangusha mzee wa miaka 60 aliyekuwa shambani mwezi uliopita, si ya ghafla kweli? Hiyo ndiyo aina iliyo nyingi zaidi, na kama kuna ushahidi wa kuipinga hoja yangu ungepaswa kutoka hapo. Seli inapogawanyika hufanya makosa machache ya kunakili jeni, na makosa hayo hubaki kama mafundo kwenye kamba, yanayoweza kuhesabiwa. Kwa hesabu hiyo, watafiti wa Heidelberg walikadiria mwaka 2019 kwamba uvimbe huo huanza kati ya miaka miwili na saba kabla ya kutambuliwa. Kwanza huja mabadiliko ya kromosomu nzima au vipande vyake, kama kuongezeka kwa ile ya 7 na kupotea kwa ile ya 10. Kasoro ya jeni ya TERT, inayoiwezesha seli kugawanyika bila kikomo, aghalabu huja baadaye, na baada yake wingi wa seli hufumuka. Mzee yule alikuwa amebeba ugonjwa wake misimu kadhaa ya mavuno.

Sasa pingamizi. La kwanza ni la haki kabisa: upo uvimbe wa kichwani ambao haufiki popote. Mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam walichapisha matokeo ya picha za MRI za watu 2,000 wa kawaida, wasiolalamika ugonjwa wa kichwa, na wakakuta meninjioma, uvimbe wa utando unaoufunika ubongo, kwa asilimia 0.9 yao. Nyingi za namna hiyo hukaa miaka na miaka bila madhara, na mwenye nayo hufa kwa jambo jingine akiwa mzee. Kwa watoto iko astrositoma pilositiki, inayotokana mara nyingi na kasoro moja ya jeni ya BRAF. Kasoro hiyohiyo inayoisukuma seli kugawanyika huishia kuizeesha, na uvimbe wa watoto wengi hupunguza mwendo au kusimama wanapokua. Nakubali yote. Hoja yangu inahusu glioma zinazotambaa za watu wazima, na pingamizi hili linaitia nguvu, maana linaonyesha kwamba neno "polepole" halitoshi. Uvimbe wa mtoto unaokwenda polepole kuelekea kusimama na wa mtu mzima unaokwenda polepole bila kusimama vinaweza kufanana kwenye picha moja. Kinachovitofautisha ni jeni na mfululizo wa picha.

La pili ni zito zaidi. Ikiwa uvimbe haulali, mbona kuuwahi kwa mionzi hakukuongeza umri? Jaribio kubwa la Ulaya lililochapishwa mwaka 2005 liligawa wagonjwa wa glioma za daraja la chini katika makundi mawili: waliopewa mionzi mara tu baada ya upasuaji, na waliosubiri hadi uvimbe uonekane kuendelea. Waliowahi walipata muda wa kati wa miaka 5.3 kabla ya ugonjwa kusonga mbele, wenzao 3.4. Lakini maisha yalikuwa karibu sawa: miaka 7.4 kwa 7.2. Zaidi ya hapo, mionzi kwenye ubongo hupunguza umakini na wepesi wa fikra baada ya miaka mingi, na mtu mwenye miaka 35 ndiye hasa atakayeishi kuyaona hayo. Wanaopendelea kusubiri wana haki ya kuuegemea ushahidi huu. Kinachothibitishwa nao, hata hivyo, ni kwamba mionzi peke yake inaweza kuahirishwa. Hauthibitishi kwamba uvimbe ulikuwa umetulia, kwa sababu waliosubiri waliona ugonjwa ukisonga mapema. Dawa zilipoongezwa kwenye mionzi, katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, muda wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miaka 7.8 hadi 13.3. Na kuhusu kisu, Norwei ilitoa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Hospitali mbili, kila moja ikihudumia eneo lake, zilikuwa na desturi tofauti: moja ilichukua kipande tu na kusubiri, nyingine iliwahi kuondoa uvimbe kadiri ilivyowezekana. Kilichoamua tiba kilikuwa zaidi anwani ya mgonjwa. Kati ya wagonjwa 153, waliofika mwaka wa tano wakiwa hai walikuwa asilimia 60 katika ile ya kwanza na 74 katika ya pili. Hakuna kura iliyopigwa kuwagawa, kwa hiyo tuyasome matokeo kwa tahadhari, lakini ni vigumu kuyafafanua kwa taswira ya nyoka aliyelala.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanajeni, nalo linauma: huenda tiba ndiyo inayouamsha. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 23 ambao jeni za uvimbe wao wa kwanza na za ule uliorudi zote zilisomwa. Kati ya 10 waliokuwa wametibiwa kwa temozolomaidi, dawa inayotumika sana kwa glioma, sita walirudiwa na uvimbe mkali uliosheheni kasoro mpya zenye alama ya dawa hiyo hiyo. Dawa iliua seli nyingi na kuzifunza nyingine njia mpya. Siwezi kulipuuza hilo, na daktari anayelipuuza hafai kuaminiwa. Lakini uchunguzi mpana zaidi wa kimataifa wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 222, uliona kwamba mchujo mkali zaidi kati ya seli hufanyika mapema katika maisha ya uvimbe, na kwamba tiba za sasa huubadilisha mwelekeo kwa namna isiyotabirika sana. Uvimbe unasafiri hata usipoguswa. Ukiguswa unaweza kubadili njia. Mwenye kuchagua anachagua kati ya safari mbili.

Hata kujua kama safari imeanza mwendo mpya ni kazi ngumu. Katika miezi michache ya kwanza baada ya mionzi, doa laweza kuvimba na kung'aa kwenye MRI kana kwamba ugonjwa umelipuka, kumbe ni majibu ya nyama iliyotibiwa, na baadaye likanywea lenyewe. Anayeamua kwa picha hiyo moja anaweza kuiacha tiba iliyokuwa ikifanya kazi. Ndiyo maana ile bahasha kubwa ya picha za zamani, ambayo kwetu hukaa juu ya kabati hadi ikapinda, ina thamani kuliko picha mpya yenye ubora mara mbili.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiutafuta. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya vorasidenibu, kidonge kinachoziba kile kimeng'enya kilichoharibika cha IDH. Waliojiunga walikuwa 331, wote wa daraja la pili, waliofanyiwa upasuaji tu na kuhesabiwa kuwa hawana haraka ya mionzi wala dawa kali. Yaani, watu walewale ambao zamani wangeambiwa uvimbe umetulia. Muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga ulikuwa miezi 27.7 kwa waliomeza dawa na 11.1 kwa waliomeza kidonge kisicho na kitu, na mwezi Agosti 2024 Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Mimi nimesimama zaidi kwenye kundi la kidonge kitupu. Hao hawakupewa chochote. Waliendelea na kazi zao, wengi bila malalamiko mapya, wakipigwa picha kwa ratiba. Kwa walio kwenye dawa, ujazo wa uvimbe ulipungua kwa wastani wa asilimia 2.5 kila miezi sita. Kwa hao wa kidonge kitupu ulikuwa ukiongezeka kwa asilimia 13.9, miezi sita baada ya miezi sita.